Kasi ya Kitabuni na Kasi ya Mtutu Wako

Hotuba kwa wawindaji na walenga shabaha wanaozungumza Kiswahili, Montana, Marekani

Wazee wetu, kina mama, ndugu zangu mliotoka Kivu, Bujumbura, Kigoma, Eldoret na kwingineko, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo linaloulizwa karibu kila tunapokutana uwanjani, hasa na wale walioanza mwaka huu kujaza risasi zao wenyewe nyumbani, yaani kuziunda kwa mkono badala ya kuzinunua tayari. Swali lenyewe huja hivi: “Nimefuata kitabu cha vipimo vya baruti neno kwa neno, na kitabu kinasema kasi ni futi 2,700 kwa sekunde. Nimepima, nimepata 2,585. Nani kakosea: mimi, kitabu au mashine?”

Kabla ya kujibu, tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kiswahili chetu hutumia neno risasi kwa vitu viwili, kile kinachoruka na kile kizima tunachokiingiza kwenye bunduki. Leo, ili tusichanganyane, kinachoruka nitakiita kichwa cha risasi, na kitu kizima, yaani ganda, fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa chake, nitakiita risasi. Futi 2,700 kwa sekunde ni kama mita 823 kwa sekunde. Nitabaki na futi kwa sababu ndizo mtakazozikuta katika vitabu vyote vya nchi hii.

Jibu langu ni kwamba mara nyingi hakuna aliyekosea. Namba ya kitabuni ni taarifa ya kweli kuhusu mtutu mwingine, uliopigwa siku nyingine, kwa fungu jingine la baruti, katika joto lisilo la kwako. Namba uliyoipima ni taarifa kuhusu mtutu wako. Wahenga wa pwani walionya, usisafirie nyota ya mwenzio, na sijapata maneno yanayoifaa kazi hii kuliko hayo. Anayejaza risasi kwa mkono akidhani namba ya kitabuni ni deni ambalo bunduki yake inapaswa kulilipa, huyo anasafiri kwa nyota ya mwenzake.

Nichukue mfano mmoja na kuufungua wote. Bunduki ni ya .30-06, risasi iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na ambayo wengi wenu mnaitumia kuwindia kulungu na wale jamaa zao wakubwa wa milimani wanaoitwa elki. Kichwa cha risasi kina uzito wa greni 180, yaani karibu gramu 11.7. Kitabu kimeahidi 2,700, kronografu, yaani mashine ya kupima kasi, imetoa wastani wa 2,585. Pengo ni futi 115 kwa sekunde, nasi tunataka kujua limekwenda wapi.

Sehemu kubwa imekwenda kwenye urefu wa mtutu. Mitutu ya majaribio ya .30-06 ina inchi 24 kwa kawaida, ilhali bunduki nyingi za kuwindia za aina hii huuzwa na mtutu wa inchi 22. Gesi inayotokana na kuungua kwa baruti huendelea kukisukuma kichwa cha risasi hadi kinapoutoka mdomo wa mtutu, kwa hiyo ukiukata mtutu umekata na muda wa kusukuma. Kwa risasi za ukubwa huu hesabu ya kawaida ni futi 20 hadi 30 kwa kila inchi. Tukichukua 25, inchi mbili zimeondoka na futi 50. Karibu nusu ya pengo imepata maelezo, na hakuna mtu aliyefanya kosa lolote.

Sehemu ya pili ni mahali kipimo kilipochukuliwa. Kronografu ya vioo vya mwanga huwekwa mbele ya mpigaji, kwa kawaida futi 10 hadi 15 kutoka mdomo wa mtutu, ili moto na kishindo visiivuruge. Kichwa cha risasi huanza kupoteza kasi papo hapo kinapokutana na hewa, na kwa umbo na uzito tunaouzungumzia hupoteza takriban futi 0.6 kwa sekunde kwa kila futi ya safari. Futi 15 za safari zimekula futi 9 au 10 za kasi. Vitabu vingi husahihisha hesabu na kuandika kasi ya mdomoni, lakini mashine yako inakupa kasi ya pale ilipo. Tumefika futi 60.

Sehemu ya tatu ni baridi, na hapa naomba wale waliokulia nchi za joto wanisikilize zaidi, kwa sababu kwetu jambo hili halikuwa la kufikiriwa. Majaribio ya viwandani hufanywa katika joto la chumba, takriban nyuzi 20 za Selsiasi. Msimu wa bunduki hapa Montana unaanza mwishoni mwa Oktoba na kuishia wikiendi ya sikukuu ya Kutoa Shukrani, na wote mmeona asubuhi za Novemba zilivyo. Baruti baridi huungua polepole, gesi hujengeka taratibu, na kasi hushuka. Baruti za zamani, na nyingi za zile zenye punje za mviringo, hubadilika kwa karibu futi moja kwa kila nyuzi moja ya Farenhaiti, wakati mwingine zaidi. Ukipima katika nyuzi 5 chini ya sifuri, umeshuka nyuzi 25 za Selsiasi kutoka kwenye joto la maabara, ambazo ni 45 za Farenhaiti, na ukapoteza futi 40 hivi. Zipo baruti zilizotengenezwa makusudi zisiyumbe namna hiyo, kama Varget na H4350 zinazotengenezwa Mulwala nchini Australia na kuuzwa huku na kampuni ya Hodgdon, nazo hupoteza kidogo sana. Hata hivyo, kidogo si sifuri.

Tumebakiwa na futi 15. Hizo sizitafuti kwa nguvu, kwa maana mambo yanayoweza kuzila ni mengi: chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, iliyochongwa kwa upana zaidi ya ile ya maabara, ganda lenye nafasi kubwa ndani, fataki ya kampuni nyingine, fungu la baruti lililotoka kiwandani mwaka mwingine, mtutu ambao ndani yake ni mpana kwa sehemu ndogo isiyoonekana kwa macho. Bunduki mbili za kampuni moja, modeli moja na urefu mmoja wa mtutu zinaweza kupiga risasi za boksi moja na kutofautiana futi 50 kwa sekunde.

Hata viwanda vyenyewe havijidai kuwa na uhakika ambao sisi tunavivika. SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi za michezo iliyoanzishwa hapa Marekani mwaka 1926, huweka viwango vya kasi ya risasi za dukani vinavyopimwa futi 15 kutoka mdomoni, kwa mitutu maalumu ya majaribio, na juu ya hayo huruhusu wastani upande au ushuke kwa futi 90. Maana yake ni kwamba risasi iliyowekewa kiwango cha 2,700 inaweza kupita kiwandani ikiwa na wastani wa 2,615, tena kutoka kwenye mtutu wao wa inchi 24, na bado ikahesabiwa kuwa sawa. Vitabu vya wajazaji navyo havifanani: vingine hutumia mitutu ya maabara yenye vifaa vya kupima mgandamizo wa gesi, vingine hupiga kwa bunduki ya kawaida ya dukani na kuiandika jina lake juu ya ukurasa. Mstari huo wa juu, unaotaja bunduki, urefu wa mtutu, ganda na fataki, watu wengi huuruka ili wafike upesi kwenye namba. Mimi nawaomba muusome kwanza, na mkiisha kuusoma muusome tena.

Sasa tuigeukie mashine. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza njia ya kupima kasi kwa kukipiga kichwa cha risasi kikwame kwenye gogo zito linaloning'inia, kisha kupima gogo limebembea kiasi gani na kuikokotoa kasi kutokana na uzito wa vyote viwili. Karne moja baadaye, katika miaka ya 1860, afisa wa Ubelgiji aitwaye Le Boulengé alitengeneza kronografu ya umeme iliyotumiwa na majeshi kwa miongo mingi. Mjazaji wa kawaida alisubiri hadi karne ya 20 kukaribia mwisho kabla ya kifaa hicho kuwa kitu cha kununuliwa na mtu binafsi. Kabla ya hapo aliamini kilichoandikwa, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Mashine ya vioo viwili hufanya kazi rahisi: hupima muda ambao kivuli cha kichwa cha risasi kimechukua kutoka kioo cha kwanza hadi cha pili. Vioo vikiwa futi 2 kati yao na kasi ikiwa 2,700, muda huo ni sehemu 741 tu za milioni moja ya sekunde. Kosa la robo inchi katika nafasi kati ya vioo, labda kwa sababu fimbo haikunyooka vizuri, ni asilimia moja ya umbali, na asilimia moja ya 2,700 ni futi 27. Jua likiwa chini upande mmoja, au taa ya ukumbini ikimetameta, kioo kimoja kinaweza kukiona kichwa cha risasi mapema kuliko mwenzake. Ndiyo maana Oehler, mtengenezaji wa kronografu wa Austin, Texas, alitengeneza modeli yenye kioo cha tatu, ili kila risasi ipimwe mara mbili na majibu mawili yalinganishwe. Vifaa vinavyofungwa kwenye mtutu na kuhisi kichwa cha risasi kwa sumaku havidanganywi na jua, ila uzito wao mdomoni huhamisha mahali risasi inapopiga, kwa hiyo usilenge shabaha ya maana wakati umevifunga. Rada ndogo za Doppler, ambazo miaka ya karibuni zimekuwa za kubebeka mfukoni, hukaa pembeni bila kugusa bunduki, na kwa maoni yangu zimeondoa karibu sababu zote za kuilaumu mashine.

Lakini mashine nzuri mkononi mwa mtu mwenye haraka hutoa majibu ya haraka, na hapo ndipo nawaona wengi wakipotea. Mtu anapiga risasi tatu, anapata wastani, anaulinganisha na kitabu, anakwenda nyumbani na hukumu. Tuseme risasi zako zinatawanyika kwa mchepuko wa futi 15, yaani hicho ndicho kiasi ambacho kwa kawaida kila moja huachana na wastani. Ukipiga tano, wastani utakaoupata unaweza kuwa mbali na wastani wa kweli kwa karibu futi 19 upande wowote. Mtu mwingine akija na wastani unaozidi wako kwa futi 12, hamna ubishi wa kufanya. Na huo mchepuko wenyewe unahitaji risasi nyingi zaidi kuliko wastani. Ukisema mchepuko wako ni futi 10, na umeupata kutokana na risasi tano, hesabu za takwimu zinakuambia kuwa ukweli unaweza kuwa popote kati ya 6 na 29. Ndugu yangu, 6 ni risasi za mashindano, na 29 ni risasi za kutilia shaka mzani wako wa baruti. Huwezi kujua uko wapi mpaka uongeze idadi. Mimi napiga kumi kwa kila kipimo ninachotaka kukiandika, na ninapotaka kusema lolote kuhusu mchepuko napiga ishirini.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya watu wenye nafasi, na kwamba wazee wetu waliwinda bila kupima chochote. Naomba niwakumbushe kisa kilichowagusa watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ilileta sokoni risasi ya .458 Winchester Magnum kwa ajili ya tembo na nyati, ikatumiwa na wawindaji wa kulipwa na idara za wanyamapori katika sehemu nyingi za Afrika. Kasi iliyotangazwa kwa kichwa cha greni 500 ilikuwa futi 2,130 kwa sekunde, iliyopimwa kwa mtutu wa inchi 26. Bunduki zilizobebwa porini zilikuwa fupi zaidi. Isitoshe, ganda lile lilikuwa fupi, hivyo baruti ilibidi ishindiliwe ndani, na katika baadhi ya mafungu punje ziligandana baada ya kukaa muda mrefu, zikaungua vibaya. Waliopima walikuta kasi zilizo chini ya 2,000. Ukitoka 2,130 hadi 1,950 unaweza kudhani ni kidogo, lakini nishati hufuata mraba wa kasi, hivyo zaidi ya asilimia 16 ya nguvu imekwisha kabla risasi haijafika kwa mnyama. Miaka ya baadaye kasi iliyotangazwa ilishushwa hadi 2,040. Aliyesimama mbele ya nyati akiwa na .458 miaka ile alikuwa ameshika namba ya mtutu ambao hajawahi kuuona, na uhai wake ulitegemea namba hiyo.

Kisa hicho hunifanya nisikubali pale mtu anaposema kupima ni anasa. Hata hivyo ni lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu upimaji umeleta hatari yake, na hatari hiyo nimeionja mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na pengo kama hili la futi 115, na niliona aibu nalo. Ilikuwa Februari. Nikaongeza baruti kidogo, nikapima, nikaongeza tena, nikapima tena. Kiwango cha juu kilichoandikwa kitabuni nilikifikia nikiwa bado nina upungufu wa futi 60, nikajiambia kwamba kama kasi haijafika basi na mgandamizo haujafika, kwa hiyo nafasi bado ipo. Nikakipita. Risasi zilipiga vizuri kwenye baridi ile, na nikazijaza boksi mbili. Agosti nilikwenda nazo uwanjani katika joto la nyuzi 33. Risasi ya pili ilipotoka, komeo la bunduki halikufunguka. Tulilifungua kwa kuligonga, na ganda likatoka na fataki iliyobonyea ikawa bapa kabisa, huku maandishi ya kitako chake yakiwa yamejaa alama ya chuma cha bunduki. Mwanangu alikuwa amesimama hatua mbili kulia kwangu. Nilizivunja risasi zote zilizobaki jioni ile ile, moja baada ya nyingine.

Kosa la hoja yangu lilikuwa hili. Kasi na mgandamizo huenda pamoja pale tu mambo mengine yote yanapokuwa sawa, na kwangu hayakuwa sawa hata moja. Upungufu wangu ulitokana na mtutu mfupi na hewa baridi. Mtutu mfupi hauupunguzi mgandamizo wa kilele, kwa sababu kilele hicho hufikiwa kichwa cha risasi kikiwa kimesogea inchi chache tu kutoka kwenye chemba. Bunduki ya inchi 22 na ya inchi 24 hubeba mzigo ule ule pale nyuma, karibu na uso wako, na kwa .30-06 mzigo huo una ukomo wa pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Ukijaribu kuzirudisha futi 50 za mtutu kwa kuongeza baruti, unazinunua kwa kuuvuka ukomo huo. Na baridi nayo ni mkopo tu, utalipwa kiangazi kitakapofika.

Kwa hiyo sheria ninayoishika, na ninayowaomba muishike, ni kwamba kiwango cha juu cha baruti kitabuni ni ukuta, na kasi ya kitabuni ni habari. Ukifika ukutani na kasi bado ni ndogo, umefika. Kinyume chake ndicho kinachonitisha zaidi. Ukipima na kupata kasi kubwa kuliko ya kitabu kwa mtutu wenye urefu ule ule, usishangilie. Bunduki haitoi kasi ya bure. Inawezekana sana kwamba chemba yako ni finyu, au umetumia maganda mazito ya kijeshi yenye nafasi ndogo ndani, au umebadilisha kichwa cha risasi kwa kingine cha shaba tupu ukidhani uzito ukilingana basi na baruti ilingane. Rudi chini, uanze upya kutoka kiwango cha kuanzia. Kronografu haipimi mgandamizo, lakini kasi iliyozidi ni moshi, na moshi una moto chini yake.

Mtaniuliza, basi kasi tunaipima ya nini kama hatutaifikisha kwenye ile ya kitabu? Tunaipima ili tujue kichwa cha risasi kitaanguka kiasi gani. Kwa ile .30-06 yetu, ikirekebishwa kupiga katikati kwenye yadi 100, tofauti kati ya 2,700 na 2,585 ni kama nusu inchi ya kushuka kwenye yadi 200. Kwenye yadi 400 ni kama inchi 3. Kwenye yadi 600 imepita inchi 8, na anayelenga kwa jedwali la kitabu atakosa, au vibaya zaidi, atajeruhi mnyama atakayekwenda kufia mahali asipopatikana. Nusu inchi kwenye yadi 200, ambako wengi wetu tunawinda, ndiyo niliyohatarishia macho yangu na ya mwanangu. Tangu siku hiyo naingiza namba yangu ya kweli kwenye hesabu za kushuka kwa risasi, namba ya Novemba kwa ajili ya Novemba na ya Agosti kwa ajili ya mashindano ya kiangazi, na bunduki yangu ya futi 2,585 hupiga pale ninapoiambia.

Kesho saa mbili asubuhi tutakuwa uwanjani. Nimeleta kronografu ya vioo na rada, na tutazipanga pamoja ili kila risasi ipimwe na zote mbili, mwone wenyewe zinavyoachana. Tunahitaji bunduki tatu za .30-06 zenye mitutu ya urefu tofauti. Mzee mmoja ameshaniahidi yake ya inchi 24. Tutazipiga zote kwa risasi za dukani za boksi moja, kumi kila bunduki, kabla hatujagusa zenu za mkono. Risasi zenu ziacheni kivulini, si juu ya dashibodi ya gari. Njooni na daftari, na jambo la kwanza la kuandika, kabla ya jina la baruti, liwe joto la hewa ya asubuhi hiyo.